Jasho la Alhamisi

Nyirabahire alikuwa na kazi nyingi, na zote alizifanya kwa mpango. Asubuhi alikamua ng'ombe wao mmoja. Kisha alikwenda shambani kupalilia mahindi. Mchana alichota maji. Jumatatu na Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alioga, akavaa kitambaa safi kichwani, akaenda shule.

Ndiyo, shule. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na alikuwa anajifunza kusoma. Darasa lao lilikuwa ndani ya kanisa. Mwalimu wao aliitwa Pascaline. Wanafunzi wote walikuwa akina mama, na wengine walikuja na watoto mgongoni.

Huu ulikuwa mwaka wa 2009. Nyirabahire na mume wake, Nehemiya, waliishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda. Walikuwa wametoka Kivu ya Kusini, Kongo, miaka mitano kabla. Binti yao mkubwa, Uwitonze, alikuwa ameolewa. Kwa jina lake majirani waliwaita wazazi hao Mama Uwitonze na Baba Uwitonze.

Nehemiya alikuwa mchungaji wa ng'ombe tangu utoto. Kila Jumanne alipanda taksi kwenda Masha, upande wa Mbarara. Huko alichunga ng'ombe wa mfugaji mmoja wa Uganda, Mzee Kabanda. Alhamisi asubuhi aliwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Mchana mwenzake, Musoni, alifika kumpokea zamu, naye Nehemiya akarudi nyumbani kwake Nakivale.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, Nehemiya alirudi akiwa ameshikwa mabega na mwendesha boda. Shati lake lilikuwa limelowa chapachapa. Jasho lilimtiririka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini jua lilikuwa limekwisha kushuka, na upepo ulikuwa wa baridi.

Nyirabahire alimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Baba Uwitonze, umefanya nini?"

"Nilianguka kwenye zizi," alisema Nehemiya. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao Kongo. "Musoni alinipeleka ku kliniki moja kule senta. Bakanitia maji ya mushipa. Bakanipa hii karatasi."

"Balisema ni nini?"

"Balisema na Kinyankore, balisema na Kiingereza. Mbio mbio. Sikusikia kitu."

Karatasi ilikuwa ndogo. Juu yake paliandikwa neno moja refu, na mbele ya neno palikuwa na alama tatu za kujumlisha. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya maandishi ya haraka. Nyirabahire aliitazama. Yeye alikuwa bado anasoma maneno mafupi ya Kiswahili: maji, mama, nyumba. Neno hili lilimshinda.

Basi akampelekea Karekezi.

Karekezi alikuwa jirani yao. Alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na kiberiti. Alikuwa amesoma sekondari Kongo, kwa Kifaransa. Mtu akipata barua, alimletea Karekezi. Mtu akiitwa ofisini, Karekezi ndiye aliyemsomea tangazo. Alikuwa mtu mwema, na hakumfukuza mtu.

Karekezi alivaa miwani yake. Alisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango.

"Dia..." alisoma. Uso wake ukabadilika. "Dia... Pole sana, Mama Uwitonze. Hii ni diabète. Ugonjwa wa sukari."

Nyirabahire alikaa chini juu ya gunia la chumvi.

"Ni ile yenye iliua baba yangu," alisema Karekezi. "Miye ninaijua vizuri. Asikunywe tena chai ya sukari. Asikule ndizi, wala viazi, wala mihogo. Nitakuonyesha majani ya uchungu. Unachemusha, anakunywa asubuhi na mangaribi."

"Na ile jasho?"

"Ile ni sukari inatoka mu mwili. Muiache itoke."

Nyirabahire alirudi nyumbani na majani ya uchungu mkononi. Tangu siku hiyo alimpikia mume wake peke yake. Alimpa mboga za majani na maharage kidogo. Nehemiya alikunywa maji ya majani, akakunja uso, akamaliza kikombe. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili ikapita. Wiki ya tatu suruali yake ilianza kuteremka, akaifunga kwa kamba.

Lakini kila Jumanne alikwenda kazini Masha. Na kila Alhamisi jioni alirudi amelowa jasho.

Halikuwa jasho peke yake. Macho yalimtoka machozi. Mate yalimjaa kinywani, akawa anatema kila mara. Tumbo lilimkata. Kope la jicho lilimcheza lenyewe. Ijumaa alilala siku nzima. Jumamosi alianza kupata nafuu. Jumapili aliimba kanisani kama mtu mwenye afya.

Nyirabahire aliliona jambo hilo, likamkaa moyoni. Alichukua daftari lake la shule. Alijua kuandika neno *jasho*, maana Pascaline alikuwa amewafundisha herufi J kwa neno hilo. Kila siku mume wake alipolowa, aliandika *jasho* na siku yake. Wakongo wengi huita Alhamisi siku ya ine. Baada ya wiki nne daftari lilisema hivi: siku ya ine, jasho. Siku ya ine, jasho. Siku ya ine, jasho. Siku ya ine, jasho.

"Gani sukari hii yenye inajua kalenda?" alijiuliza.

Jumatatu iliyofuata, Pascaline alikuja darasani na picha kubwa ya mafundisho ya afya. Aliibandika ukutani. Ilikuwa na mtu mnene, kikombe cha chai, na neno moja la herufi kubwa.

"Hii inasema DIABETES," alisema Pascaline. "Ni Kiingereza. Kwa Kifaransa ni diabète. Njo ugonjwa wa sukari. Leo tutasoma herufi zake, moja moja."

Nyirabahire alisimama. Alisogea ukutani bila kuitwa. Aliweka kidole juu ya neno.

"D," alisoma. "I. A. B. E. T. E. S."

"Vizuri sana, mama!"

Lakini Nyirabahire hakurudi kukaa. Alifungua kitambaa alichofungia pesa na vitambulisho. Akatoa ile karatasi ya kliniki. Kidole chake kilikwenda taratibu.

"D. I. A." Kidole kikasimama. "P."

Aliangalia ukutani. Aliangalia karatasi.

"Mwalimu, hapa ku ukuta kuna B. Hapa kuna P. Kisha kuna H. Kisha O. Haya maneno mawili hayafanane."

Pascaline alikuja, akasoma pamoja naye. Alisoma mara mbili. *Diaphoresis.*

"Uko na haki," alisema. "Yanaanza sawa, lakini hayaishe sawa. Hili neno miye silijue, Mama Uwitonze. Sitakudanganya. Lakini diabetes, haiko."

Nyirabahire alitoka darasani moja kwa moja hadi dukani kwa Karekezi. Alimweleza. Karekezi alivua miwani yake.

"Mama Uwitonze, weye umeanza kusoma mwaka huu. Miye nilisoma mbele wewe ujue kalamu. Unakuja kunifundisha herufi?"

"Hapana, ndugu yangu. Ninakuomba tu uangalie herufi ya ine."

Karekezi hakuangalia. Alirudi kupanga sabuni zake.

Jioni, Nehemiya naye alikasirika. "Utatuletea haya. Ule mutu anatusaidia bure, nawe unamubishia."

"Nitaomba samahani kama nimekosa," alisema Nyirabahire. "Lakini kwanza nitauliza maana ya hili neno. Unaisha mbele ya macho yangu, Baba Uwitonze. Siwezi kukuchemushia majani kwa sababu ya herufi tatu."

Nehemiya aligeukia ukuta akalala. Kesho yake, Jumanne, alichukua fimbo yake akaenda Masha kama kawaida.

Jumatano Nyirabahire alikwenda kituo cha afya. Watu walikuwa wengi mno. Alikaa kwenye mstari hadi jioni, na zamu yake haikufika. Aliambiwa arudi kesho. Hakunung'unika. Alhamisi alifika jua likichomoza, akawa wa pili kwenye mstari.

Muuguzi wa siku hiyo alikuwa Annonciata. Naye alikuwa Mkongo, mama wa makamo, mwenye sauti ya utulivu. Nyirabahire alimpa karatasi kwa mikono miwili.

"Sikuje juu yangu," alisema. "Nilikuja juu ya neno hili. Bananiambia ni sukari. Miye ninaona herufi zinakataa."

Annonciata alisoma. Akainua macho.

"Nani alikuambia ni sukari?"

"Mutu mwema. Alisoma mwanzo ya neno tu."

"Basi sikia, mama. Hii ni diaphoresis. Ku Uvira, kwenye nilisomea kazi hii, tulikuwa tunaita diaphorèse. Maana yake ni jasho. Jasho mingi, yenye kupita kawaida. Na hizi alama tatu zinasema: mingi sana."

"Jasho tu?"

"Jasho. Lakini hatuandikake neno hili kwa mutu mwenye analima na jua. Ule jasho yake iko na sababu, kila mutu anaiona. Tunaliandika kama mutu amelowa fasi haina joto, hakuna kazi. Sana sana kama mwili wake ni baridi."

"Basi ni ugonjwa wa jasho," alisema Nyirabahire.

"Hapana. Hapo njo batu bengi banakosea. Hili neno haiko jina ya ugonjwa. Ni jina ya alama. Ukiona moshi mingi juu ya nyumba ya jirani, utasema nyumba inagonjwa moshi?"

"Hapana. Nitasema kuna moto."

"Na utafanya nini?"

"Nitakimbia kuangalia moto uko wapi."

"Njo vile. Munganga wa kliniki aliona moshi, akaandika moshi. Hapa chini aliandika: mutafute sababu, mumupeleke hospitali. Nanyi hamukwenda."

Nyirabahire alifunika mdomo kwa mkono.

Annonciata aliendelea polepole, ili aeleweke. "Sababu ni nyingi. Malaria inaleta jasho. Kifua kikuu kinaleta jasho ya usiku. Moyo ukishikwa, mutu anatoka jasho ya baridi. Hata mwenye sukari: kama dawa imemuzidi, ao hakukula, sukari yake inashuka sana. Anatetemeka, anatoka jasho. Ule, kama anaweza kumeza, tunamupatia sukari mbio."

"Tunamupatia? Sisi tulimukataza!"

"Kwa sababu hiyo tunapimaka kwanza. Tone moja ya damu ku kidole, na tunajua. Bwana yako alipimwa?"

"Hapana."

"Basi hakuna mutu anajua kama iko na sukari. Sasa unielezee. Hiyo jasho inamukamata wakati gani?"

Nyirabahire alifungua daftari lake. Annonciata alisoma: siku ya ine, siku ya ine, siku ya ine. Alikunja uso.

"Siku ya ine anafanyaka kazi gani?"

"Anapuliza ng'ombe dawa ya kupe."

"Na nini? Bomba ya mugongo?"

"Ndiyo. Ni ya zamani. Inavuja. Anarudi mugongo yote imelowa, hatujue gani ni jasho, gani ni dawa."

"Anavaa nini ku mikono?"

"Mikono yake tu."

"Macho inatoka machozi? Mate inajaa? Tumbo inakata? Nyama ya mwili inacheza?"

Nyirabahire alimtazama kama mtu aliyesomewa siri yake. "Vyote. Nani alikuambia?"

Annonciata aliweka kalamu chini.

"Mama, sijamuona, sijamupima. Siwezi kusema kweli kabisa. Lakini dawa zingine za kupe ni sumu kwa mutu pia. Zinaingia mu ngozi. Haiko lazima uzikunywe. Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya ine," alisema Nyirabahire. Na hapo hapo alisimama.

Annonciata alimpigia Nehemiya simu. Haikupatikana. Basi akamwambia Nyirabahire maneno machache, na Nyirabahire akayarudia mpaka akayashika.

"Ukimukuta anapuliza, umuzuie. Ukimukuta amelowa jasho na anatema mate, umutoe fasi ya dawa. Umuvue nguo zote. Umuoshe na sabuni na maji mingi, kichwa mpaka kidole. Wewe usishike nguo zile na mikono mitupu. Vaa kavera ku mikono. Usimutapishe. Usimupe maziwa. Umupeleke Mbarara mbio, na uchukue chupa ya dawa."

Akampa kavera nne, yaani mifuko ya plastiki, na kipande cha sabuni.

Nyirabahire hakurudi nyumbani. Alipanda boda, akamwambia dereva: "Masha. Usisimame fasi yoyote."

Barabara ilikuwa ya vumbi na ndefu. Njiani hakulia. Alikuwa anarudia maneno ya Annonciata midomoni, neno kwa neno, kama somo la darasani. Umutoe. Umuvue. Umuoshe. Chupa.

Alipofika, jua lilikuwa juu ya vichwa. Ng'ombe walikuwa wamesimama zizini, wamelowa dawa. Nehemiya alikuwa amelala chini karibu na ua, bomba bado liko mgongoni. Musoni alikuwa amepiga magoti kando yake na kibuyu cha maziwa.

"Nimefika sasa hivi, nimemukuta hivi!" alipaza sauti Musoni. "Nimemuletea maziwa. Maziwa inaua sumu."

"Usimupe!" Nyirabahire alisema kwa nguvu. "Hawezi kumeza. Itaingia mu kifua."

Jasho lilimtoka Nehemiya kila mahali. Povu lilikuwa mdomoni. Kifua chake kilikoroma. Nyirabahire alimtazama machoni. Ile sehemu nyeusi ya katikati ya jicho ilikuwa imekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Alivaa kavera mikononi. Musoni alifanya vilevile. Walimvua bomba. Walimvua shati, suruali, kila kitu. Walimvuta mbali na zizi, wakamlaza ubavu ili mate yatoke. Walimmwagia maji ya birika la ng'ombe, ndoo baada ya ndoo, wakamsugua kwa sabuni. Nyirabahire alimfunika kwa kitenge chake cha juu.

Mzee Kabanda alikuja mbio kutoka nyumbani kwake.

"Ni ile sukari yake tena?" aliuliza. "Si walisema iko na sukari?"

"Haiko sukari, mzee. Ni dawa ya kupe. Nipe ile chupa, na utupeleke Mbarara."

"Dawa? Mama, sisi napuliza hiyo dawa miaka mingi..."

"Mzee, tutabishana kesho. Leo washa gari."

Mzee Kabanda alimtazama mama huyu aliyesimama mbele yake, amelowa maji, na kavera mikononi. Alikwenda kuwasha pikapu yake.

Kutoka Masha hadi Mbarara si mbali, lakini siku hiyo Nyirabahire aliona kila mlima ni mrefu. Alikaa nyuma, kichwa cha mume wake kikiwa kimelala ubavu juu ya mapaja yake. Alimfuta mate kwa pembe ya kitenge. Kila mara alimwita: "Nehemiya. Nehemiya." Na kila mara Nehemiya alipumua tena.

Hospitalini walipokelewa na daktari mmoja mwanamke. Alikuwa Mganda, lakini alizaliwa na kukulia kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili alikijua tangu utoto.

"Mgonjwa ana nini?" aliuliza.

Watu wengi husema hapo: ni mgonjwa sana, tusaidie. Nyirabahire alivuta pumzi.

"Diaphoresis, daktari," alisema. "Na haiko jua. Inamukamata kila siku ya ine, akipuliza ng'ombe. Leo alipuliza asubuhi. Mate ni mingi, macho imekuwa ndogo, kifua kinakoroma. Tumemuvua, tumemuosha. Hakukunywa kitu. Chupa ni hii."

Daktari alichukua chupa, akasoma karatasi yake. Aligeuka, akaita wauguzi wawili kwa Kiingereza. Wote wakaanza kukimbia.

Walimpa hewa. Walimchoma sindano kwenye mshipa. Baada ya dakika chache walimchoma tena. Kisha tena. Daktari alisikiliza kifua chake kila mara.

"Hii sindano inakausha," alimweleza Nyirabahire. "Sumu inafungulia maji yote ya mwili: jasho, mate, machozi, mpaka ndani ya mapafu. Mtu anazama katika maji yake mwenyewe. Sisi tunafunga bomba hilo. Tutaendelea mpaka kifua kikauke."

Kwenye kidole walimtoa tone la damu. Sukari yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nyirabahire alisimama kando ya kitanda, mkono wake juu ya paji la uso la mume wake. Ulilowa. Aliufuta, akauweka tena. Ulilowa. Aliufuta, akauweka tena. Hakujua ni mara ngapi alifanya hivyo. Mwishowe aliuweka, na paji la uso lilikuwa kavu.

Hapo ndipo alipolia.

Siku ya tatu Nehemiya alikaa kitandani na kuomba chai. Daktari alikuja kukaa naye.

"Ulipima dawa vipi?" aliuliza.

Nehemiya aliinamisha kichwa. "Kupe zilikataa kufa. Nikaongeza. Fasi ya kipimo kimoja, nilitia viwili."

"Na bomba?"

"Linavuja."

"Sikiliza, mzee. Kupe wakikataa kufa, uliza daktari wa mifugo. Labda dawa ibadilishwe. Ukiongeza kipimo, unaongeza sumu kwako. Ile ndogo-ndogo ya kila Alhamisi ilikuwa inakudhoofisha polepole. Na huku ulikuwa huli. Mwili ulikuwa unapigwa pande mbili. Ungefika jioni hiyo, tusingekuwa tunazungumza."

Nehemiya alimtazama mke wake muda mrefu. "Nilisema unatuletea haya," alisema.

"Kunywa chai," alisema Nyirabahire. "Iko na sukari."

Mchana Mzee Kabanda alikuja kumwona mgonjwa, pamoja na Musoni. Alileta maziwa na mkate. Aliongea habari za ng'ombe, kisha akasema: "Mungu amesaidia. Sasa atapumzika wiki mbili, halafu Alhamisi anarudi."

"Hatarudi, mzee," alisema Nyirabahire.

Nehemiya alishtuka. Kazi ile ndiyo iliyowalisha.

"Hatarudi mpaka kuwe na vitu hivi," alisema Nyirabahire. Alihesabu kwa vidole, bila kupandisha sauti. "Bomba lenye halivuje. Mipira ya mikono. Gambuti. Koti refu lenye maji hayapite. Kitu cha kufunika mdomo na macho. Na sabuni hapo hapo kwenye zizi."

"Mama, mimi nafanya nini? Hapa kila mtu napuliza namna hiyo. Hakuna mchungaji nalalamika."

"Uliwahi kuwauliza, mzee?"

Mzee Kabanda alimgeukia Musoni. Musoni alisugua fimbo yake sakafuni.

"Miye pia," alisema polepole. "Siku zenye Nehemiya hayuko, ninapuliza mimi, na kichwa kinaniuma, machozi inatoka. Nilifikiri ni uzee."

Mzee Kabanda alimtazama Musoni, kisha Nehemiya. Aliikumbuka safari ile, na povu aliloliona kwa macho yake. "Sawa," alisema mwishowe. "Nitanunua. Ya watu wawili."

Nehemiya aliporudi Nakivale, majirani walijaa uani. Karekezi alikuja wa mwisho. Alikaa kwenye kigoda, miwani mkononi.

"Nilisoma herufi tatu," alisema mbele ya watu wote. "Zingine nilizitia mwenyewe, kwa sababu ya woga. Baba yangu alikufa hivyo, nikamuona katika kila karatasi. Mama Uwitonze, unisamehe. Ungenisikiliza, leo tungekuwa kwenye matanga."

"Ulitaka kutusaidia," alisema Nyirabahire. "Nasi tulikosa pia. Tulipewa karatasi ya hospitali, tukaipeleka ku duka."

Watu walicheka, na Karekezi akacheka pia. Tangu siku hiyo, mtu akimletea karatasi ya dawa, Karekezi husema: "Hii siijue. Tufunge duka, twende wote tukamuulize Annonciata." Na kweli hufunga.

Mwezi wa tisa Nehemiya alirudi kazini. Alhamisi ya kwanza Nyirabahire alikwenda naye kuona kwa macho yake. Nehemiya alipima dawa kwa kizibo, kama chupa ilivyoagiza. Alivaa koti, gambuti, mipira na kitambaa. Alisimama upande unaotoka upepo, ili dawa ipeperuke mbali naye. Hakula, hakuvuta tumbaku. Alipomaliza ng'ombe wa mwisho aliosha mipira kabla ya kuivua. Kisha alioga kwa sabuni, akavaa nguo nyingine. Nguo za kazi zilifungwa kwenye mfuko tofauti, zifuliwe peke yake. Chupa ilirudi kwenye sanduku, na sanduku likafungwa kwa kufuli.

Koti lile lilikuwa zito na jua lilikuwa kali. Nehemiya alitoka jasho. Nyirabahire alimgusa shingo. Ilikuwa na joto, kama shingo ya mtu aliyefanya kazi. Kope lilikuwa limetulia. Alimpa maji, akanywa vikombe viwili, na jasho likakauka lenyewe kivulini. Jioni alikula ugali na maharage, akaomba kuongezewa.

Sasa walikuwa wakipokezana kupuliza, na wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Musoni. Alifika amechelewa, ng'ombe wakiwa wameanza kulia zizini. Alinyakua bomba, akaliweka mgongoni juu ya shati lake la kawaida, akaelekea mlangoni.

Nehemiya alisimama katikati ya njia na koti mkononi.

"Vaa kwanza," alisema. "Kupe hazina haraka."